Bikoni moja, barua tatu: Utajuaje ploti ya Isiolo ni yako?

Ukiteremka kwenye basi mjini Isiolo na kuomba uelekezwe mtaani, tega sikio majina utakayotajiwa. Utaambiwa Bulla Pesa, Bulla Mpya, Kambi Garba, Kambi ya Juu, Tulu Roba, LMD, Kiwanjani. Usiyapuuze majina hayo, kwani yanaeleza jinsi mji huu ulivyokua kuliko faili nyingi zilizofunikwa na vumbi ofisini.

Bulla kwa Kisomali ni kijiji au makao. Tulu kwa Kiborana ni kilima. LMD ni herufi za Kiingereza za ile idara ya serikali iliyokuwa ikishughulikia soko la mifugo. Kiwanjani ni jirani ya uwanja wa ndege, na jina linajieleza lenyewe. Na kambi je? Kambi ni mahali unapolala ukingoja kesho uondoke. Lakini Isiolo wapo wazee waliozaliwa kambini, wakaoa kambini na kupata wajukuu humo humo kambini, na hadi leo hawana karatasi ya kutegemewa inayosema kwamba pale ni pao.

Hilo ndilo ninalotaka tuzungumze Jumapili hii. Tukitaja mipango ya miji, wengi wetu hufikiria wataalamu waliovaa tai wakichora barabara kwenye karatasi kubwa za buluu. Tunadhani ni mambo yao, hayatuhusu sisi wenye kupika, kulipa karo na kuhangaikia kodi ya nyumba. La hasha! Mpango wa mji ndio unaoamua kama nyumba uliyojenga kwa jasho la miaka 20 itasimama ama itabomolewa asubuhi moja watoto wakiwa shuleni.

Turudi nyuma kidogo. Isiolo haikuanza kama mji wa raia. Waingereza waliifanya mlango wa ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, wakaweka hapo makao ya utawala na mahali pa kuwatenga mifugo kutoka kaskazini ili wasiambukize ng'ombe wa walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wasomali waliokuwa wamelipigania jeshi la Mwingereza walipewa ruhusa ya kukaa hapo. Sikiza neno hilo: ruhusa. Hawakupewa ardhi. Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengineo wakaja kwa njia zao, huyu kwa biashara, yule kwa kazi ya serikali, mwingine kwa kufilisika mifugo.

Uhuru ulipokaribia, mambo yakazidi kuwa magumu. Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi. Ndiye mwenye jina la wadi ya Wabera katikati ya mji, na pia lile la Wabera Street kule Nairobi ambako wengi hupita bila kujua walipita kwa nani. Vita vya shifta vikafuata hadi 1967. Wafugaji wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, ngamia na ng'ombe wao wakaangamia kwa maelfu, na waliobaki mikono mitupu wengi wao wakaishia pembezoni mwa mji. Sheria za hali ya hatari zilizoiweka Isiolo na majirani zake chini ya mkono wa askari hazikufutwa hadi 1991. Hebu niambie, ni nani angewazia mipango ya mji katika hali hiyo?

Isitoshe, mji wenyewe umebanwa. Ardhi kubwa inayouzunguka imeshikwa na jeshi, ikiwemo ile Shule ya Jeshi la Miguu. Upande mwingine kuna ardhi iliyotengewa mifugo. Upande wa kusini kuna mpaka na Meru, ambao wakazi wamekuwa wakiuzozania miaka nenda miaka rudi. Kwa hivyo Isiolo ni kama mtoto anayekua huku kavaa shati la miaka mitano iliyopita. Mwaka 2009 kaunti nzima ilihesabiwa kuwa na watu 143,294. Sensa ya 2019 ikapata 268,002. Ni kweli kaunti ina zaidi ya kilomita mraba 25,000, lakini si huko nyikani watu wanakotafuta ploti. Wanataka mjini, karibu na shule, maji na hospitali.

Sasa tuje kwenye barua.

Kwa miaka mingi ardhi ya Isiolo ilikuwa ardhi ya amana, iliyosimamiwa na baraza la kaunti lile la zamani kwa niaba ya wenyeji. Mtu akitaka ploti aliomba kwa baraza, madiwani wakaketi kwenye kamati, jina lake likaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, kisha akapewa barua ya kugawiwa ploti. Wengi waliichukua ile barua, wakaikunja vizuri, wakaitia ndani ya karatasi ya nailoni na kuificha sandukuni chini ya nguo za Idi au za Krismasi. Wakaridhika. Kwao mambo yalikuwa yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza! Barua ile ni ahadi. Baada yake kuna ada za kulipa, tena kwa muda uliotajwa mle ndani ya barua. Kuna mpima ardhi wa kuja kupima na kupiga bikoni. Kuna ramani ya kupelekwa kwa serikali ikubaliwe. Kuna mkataba wa kukodi ardhi wa kutiwa sahihi na kusajiliwa. Hatua hizo zikikamilika ndipo unapata hatimiliki. Na kabla ya hayo yote kulifaa kuwe na mpango uliokubaliwa unaoonyesha kwamba hapo ni mahali pa makazi, si barabara, si shule, si makaburi.

Wangapi walifuata hatua hizo? Wachache mno. Wengine hawakuwa na pesa. Wengine hawakuambiwa. Na wapimaji walikuwa mbali na gharama yao ilikuwa juu. Katikati ya pengo hilo ndipo wajanja walipoingia. Ploti ambayo haijapimwa haina mipaka ya kutegemewa, na ploti isiyo na mipaka unaweza kumpa huyu leo na yule kesho, halafu mwaka wa uchaguzi ukampa wa tatu. Ndiyo maana utakuta bikoni moja ina barua tatu, zote zina mhuri, zote zina sahihi, na wenye barua wote watatu wanaapa kwa Mungu kwamba wao ndio wenye haki. Na cha ajabu ni kwamba huenda wote hawasemi uongo.

Usidhani ni Isiolo peke yake. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa 2003 na kutoa ripoti 2004, ilionyesha jinsi barua kama hizo zilivyogeuzwa bidhaa ya sokoni kote nchini, zikiuzwa na kununuliwa na watu ambao hata ardhi yenyewe hawakuwahi kuikanyaga. Na Septemba 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilisema wazi kwamba barua ya kugawiwa ardhi pekee haimpi mtu umiliki, na kwamba aliyepewa barua asiyekamilisha masharti yake hana kitu cha kumuuzia mwingine. Soma sentensi hiyo tena, hasa wewe uliyenunua ploti kwa kukabidhiwa barua yenye jina la mtu mwingine pamoja na karatasi ya makubaliano mliyoandikiana hotelini mbele ya mashahidi wawili na vikombe vya chai.

Kilichochochea moto huu zaidi ni ndoto kubwa kubwa. Ruwaza ya 2030 ilipozinduliwa 2008, Isiolo ilitajwa kuwa mojawapo ya miji mipya ya kitalii. Kisha Machi 2, 2012, Rais Mwai Kibaki akiwa na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini walizindua kule Lamu mradi wa LAPSSET, ambao kwenye ramani barabara, reli na bomba la mafuta zote zinakutania Isiolo. Lami nayo ikaanza kusonga kuelekea Moyale. Kwa wale wasioijua safari ya zamani, Isiolo ndiko lami ilikokuwa ikiishia. Ukivuka kizuizi cha polisi, ulipanda lori juu ya magunia na kula vumbi hata kwa siku mbili au zaidi. Leo mtu hupanda basi jioni na kuamka Moyale.

Habari hizo zilipoenea, kila mtu akawa na ploti ya kuuza. Wageni wakaja na magari makubwa. Wenyeji nao, kwa hofu ya kuachwa nje, wakaanza kuzungushia miiba kila kipande kilicho wazi na kusimamisha chumba kimoja cha mabati, si cha kulala bali cha kuonyesha kwamba kuna mwenyewe. Ukipita pembezoni mwa mji utaviona vyumba hivyo vimesimama peke yao, mlango umefungwa kwa kufuli, hakuna moshi wala kuku. Siwalaumu hata kidogo. Mtu ambaye babake aliondolewa hapa na babu yake akaondolewa pale, ukimwambia mji mkubwa unakuja, jambo la kwanza atakalofanya ni kushika mahali pake. Lakini mji hauwezi kupangwa kwa mashindano ya miiba. Mahali pa barabara pakishazungushiwa, barabara itapita wapi?

Na ule mji wa kitalii uliokusudiwa kujengwa upande wa Kipsing? Ng'ombe na ngamia wangali wanalisha huko.

Uwanja wa ndege kwa upande wake ulijengwa kweli, na Rais Uhuru Kenyatta aliufungua 2017. Lakini kabla ya ndege kutua palikuwa na watu. Familia ziliondolewa ili uwanja upanuliwe, zikaahidiwa ploti kwingineko katika mitaa kama Mwangaza na Kiwanjani. Baadhi walipofika na barua zao mkononi walikuta wengine wamekwisha jenga, nao wana barua. Malalamiko hayo yameendelea kwa miaka mingi. Nakuomba ufikirie mambo hayo kwa upande wa nyumbani, msomaji, maana magazeti huandika juu ya ekari na mamilioni na kusahau masufuria. Tuseme baba ndiye aliyeandikwa jina kwenye barua. Baba anafariki kabla ploti mpya haijapimwa. Mama mjane anakwenda ofisini, anaambiwa alete hati ya urithi. Anakwenda kwa kadhi au mahakamani, anaulizwa: mali yenyewe ni ipi, nambari gani? Hana nambari, ana barua. Anarudi ofisini. Karani aliyekuwa akilijua faili amehamishwa. Wakati huo ndugu za marehemu wameanza kusema ile ploti ilikuwa ya ukoo, na jirani naye anasogeza fensi hatua mbili kila msimu wa mvua. Huyo mama hajawahi kusikia neno mipango ya miji, lakini ndilo linalomlaza macho.

Kuna jambo jingine ambalo halipigiwi kelele. Nenda mjini mapema uwatazame akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Maziwa hutoka nyikani kwa pikipiki na magari, yakakusanywa, yakapimwa, yakawekwa kwenye mitungi na kupakiwa mabasi ya kwenda Eastleigh, Nairobi, ambako yanasubiriwa kwa hamu. Akina mama wa ushirika wa Anolei ndio waliojulikana zaidi kwa biashara hii, na ni maelfu ya lita zinazosafiri. Biashara kama hiyo inataka nini? Inataka maji safi ya kuoshea mitungi, mahali pa baridi, choo, kivuli, na kituo cha basi kisicho mbali. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mama mmoja anaweza kujitengenezea kwenye ploti yake. Hivyo ni vitu vya mji. Mahali pa soko pakigawanywa vipande vipande wapewe watu binafsi, maziwa ndiyo yanayoharibika kwanza. Sijawahi kumsikia mwanasiasa akihesabu hasara ya unyakuzi wa ardhi kwa lita za maziwa, na nadhani angefaa kufanya hivyo.

Na laga je? Msomaji wa bara huenda hajui: laga ni mto wa msimu, mkavu kama barabara kwa miezi mingi, halafu mvua ikinyesha mbali milimani maji hushuka yakinguruma wakati juu yako jua linawaka. Mtu mgeni huuziwa ploti ndani ya laga wakati wa kiangazi akafurahia mchanga wa bure wa kujengea. Mvua za mwisho wa 2023 zilizofurika kaunti za kaskazini, Isiolo ikiwemo, ziliwakumbusha watu kwa ukali kwamba maji hayasomi barua za kugawiwa ploti.

Je, inawezekana kupanga mji wa watu wasio na pesa? Inawezekana, na ilishafanywa hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Nairobi ilipima ploti 6,000 kule Dandora. Mwenye kupewa ploti alikuta bomba la maji, choo na barabara, halafu akajijengea vyumba polepole kwa kadiri ya mfuko wake. Dandora ya leo ina matatizo yake na jaa la taka limeiharibia sifa, lakini barabara zake zingali zinapitika kwa sababu zilichorwa kabla ya kuta. Kwa upande mwingine, Tanzania iliunda shirika la kustawisha makao makuu Dodoma mwaka 1973. Ramani zilikuwa nzuri, lakini wananchi walinung'unika miaka na miaka kuhusu masharti na mizozo ya viwanja, mpaka Rais Magufuli akalivunja 2017. Ramani bila masikio nayo huzaa uadui.

Siku hizi sheria hazikosekani. Katiba ya 2010 iliigeuza ardhi ya amana kuwa ardhi ya jamii, na serikali za kaunti zikachukua nafasi ya mabaraza baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wenyewe, na kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza kuwa ya watu binafsi. Hapo uwe macho sana. Ukiuziwa ploti nje kidogo ya mji, mahali ambapo juzi palikuwa malisho, uliza kwanza: ardhi hii ni ya mji au ni ya jamii? Imesajiliwa? Nani alikaa akakubali igawanywe? Akikujibu kwa kucheka, ficha pesa zako.

Sheria ya Maeneo ya Mijini na Majiji ya 2011 nayo inataka mji wenye hadhi ya manispaa uwe na bodi ya kuusimamia, na wakazi wawe na mabaraza yao ya kusikizwa. Isiolo ikiwa makao makuu ya kaunti ilikuwa katika orodha ya miji 59 iliyoingizwa kwenye mpango wa Benki ya Dunia wa kusaidia miji, fedha ambazo zilitakiwa kwenda kwenye mitaro, barabara za mitaani, taa na masoko. Na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inadai mpango wa mji utangazwe katika Gazeti Rasmi na magazeti ya kawaida, watu waukague na kutoa maoni kabla haujapitishwa. Shida ni kwamba matangazo hayo huandikwa kwa herufi ndogo na Kiingereza kigumu, na mama wa maziwa hana wakati wa kuyasoma. Kwa maoni yangu tangazo la mpango wa Isiolo lingefaa lisomwe msikitini, kanisani na kwenye redio, kwa Kiswahili, Kiborana, Kisomali, Kiturkana na Kimeru, na ramani ibandikwe ukutani sokoni watu waione kwa macho yao.

Wewe mwenye barua sandukuni, itoe wiki hii. Itazame kama ina nambari ya ploti na nambari ya mpango. Nenda kwa ofisi ya mipango ya kaunti uombe kuonyeshwa mpango huo na uone kama ploti yako imo. Tafuta stakabadhi za ada ulizolipa, na kama hukulipa uliza msimamo wako ni upi kabla ya kutumia senti nyingine kujenga. Kumlipa mpima ardhi aliyesajiliwa mkiwa majirani kumi ni nafuu kuliko kila mtu kumwita wa kwake, na wapimaji watano hupata mipaka mitano. Mkishapigiwa bikoni, piteni pamoja na watoto mwaonyeshe zilipo, maana zimezikwa na mzee hataishi milele. Mweleze mkeo au mumeo karatasi zilipo. Na kama jina ni moja tu kwenye barua, ulizeni mapema namna ya kuandika yote mawili wakati wa kusajili.

Utakapofika ofisini, nenda na nakala, usiiachilie barua asilia mikononi mwa mtu yeyote, hata akiwa ni shemeji yako. Mwombe anayekuhudumia atie mhuri na tarehe kwenye nakala unayobaki nayo. Akikuambia urudi kesho, rudi kesho, na ukumbuke kuandika jina lake.